Seli za ubongo hazifi zote pale kwenye ajali

Ndugu Mhariri,

Ajali ya bodaboda ikiripotiwa, huandikwa kwamba majeruhi "ameumia vibaya kichwani", na habari inaishia hapo. Ndani ya fuvu ndiyo kwanza inaanza. Seli zilizochanika kichwa kilipogonga lami hazirudi. Lakini nyingine nyingi hufa baadaye, kwa saa na siku zinazofuata, na hizo ndizo za kupigania.

Seli iliyoumia humwaga glutameti, kemikali ambayo seli huitumia kidogo kidogo kupashana habari. Ikizidi, hulazimisha milango ya seli jirani kufunguka, kalsiamu inaingia kwa wingi, mitokondria zinazozalisha nishati zinaharibika, na vimeng'enya vya seli vinaanza kuila seli yenyewe. Baadhi huvimba na kupasuka mapema. Nyingine hujiua taratibu kwa siku kadhaa. Wakati huohuo ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka, mgandamizo unapanda, damu inashindwa kupenya. Kiungo hiki ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia takribani asilimia 20 ya oksijeni yake, na akiba hakina.

Sasa mtazame aliyezimia akibebwa mshikaki kwenye pikipiki, shingo imening'inia, koo limejibana. Dakika hizo zinaua seli ambazo lami iliziacha. Alazwe, shingo isipindishwe, taya lisukumwe mbele apate hewa. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja. Kumnywesha maji ya sukari ni kumpalia tu.

Kwenye kituo cha afya, oksijeni ya kwenye damu isishuke chini ya asilimia 90, wala namba ya juu ya presha chini ya 90. Hata 100 kwa mtu mzima si ya kujivunia. Dripu iwe ya chumvi ya asilimia 0.9. Ile ya sukari ya asilimia 5, mwili ukishaitumia sukari, hubaki maji matupu yanayozidisha uvimbe. Waachiwe wenye sukari iliyoshuka kwa kipimo. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotolewa kupunguza uvimbe, nayo ikome. Utafiti wa CRASH, uliohusisha majeruhi zaidi ya 10,000, ulionyesha tangu 2004 kwamba dawa za jamii hiyo huongeza vifo. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, ina nafasi yake, hasa kwa jeraha lisilo kali sana: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, lakini ianzwe ndani ya saa 3 tangu ajali.

Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyeinuka, akaongea, akajifuta vumbi, kisha akasinzia. Huenda damu inajikusanya chini ya fuvu. Akianza kukoroma asivyozoea, kutapika tena na tena, au mboni moja ikapanuka kuliko nyenzake, apelekwe haraka penye CT-scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, na daktari wa upasuaji. Na anayenuka pombe asiachwe "alale ziishe".

Wahudumu wa dharura,
Dar es Salaam