Asante kwa uliyetufundisha kulea viinitete vya nungu wa baharini

Hukutaka jina lako litajwe, nasi hatutalitaja. Ila shukrani ni haki yako, ndugu yetu, maana maelekezo yako ndiyo yanayofanya viinitete hivi, yaani vichanga vinavyoanza kukua kutoka kwenye mayai ya nungu, mnyama wa baharini mwenye miiba, vikue badala ya kuoza.

Ili nungu atoe mayai au mbegu, kloridi ya potasiamu (chumvi iliyoyeyushwa majini) yenye ukolezi wa molari 0.5, isiyozidi mililita 1, hudungwa kwenye ngozi laini inayozunguka mdomo wake. Jike hupinduliwa juu ya bika (glasi ya maabara) iliyojaa maji ya bahari, mayai yadondoke yenyewe. Mbegu za dume hukusanywa bila maji na kuwekwa kwenye barafu hadi dakika ya kuzitumia, kwa sababu zikishaanza kuogelea huchoka upesi.

Hapa ndipo wengi huharibu: humimina mbegu nyingi wakidhani ndiyo heri. Yai likiingiwa na mbegu zaidi ya moja hugawanyika ovyo, na kiinitete hufa. Matone machache ya mbegu zilizozimuliwa yatosha. Kisha darubini: ndani ya dakika chache utando mwembamba huinuka kulizunguka yai, mfano wa pete ya kioo. Pete hizo zisipofika asilimia 90 ya mayai, ulitufundisha kumwaga na kuanza upya.

Viinitete hutandazwa safu moja. Vikirundikana hukosa oksijeni.

Na vyombo! Mabaki kidogo tu ya sabuni kwenye glasi huua kundi zima. Kutenga glasi za viinitete, zisiguswe kamwe na sabuni wala formalini (dawa ya kuhifadhia vielelezo), tumejifunza kutoka kwako. Asante sana.