Takwimu au kalkulasi: mwanao aanze na ipi?

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wanaopita kituoni kwetu cha tuisheni hapa Mafiati, Mbeya, huwa na swali moja: "Mwalimu, kati ya kalkulasi na takwimu ipi ngumu, nilipie hiyo?" Ni swali la haki, maana hela ya tuisheni haiokotwi. Sisi huwajibu kwamba kalkulasi ni ngumu kuianza, takwimu ni ngumu kuimaliza ukiwa na alama zako zote. Na inayotupa kazi kubwa zaidi ni takwimu, ingawa karibu kila mtoto anayeletwa anasema kinachomshinda ni kalkulasi.

Kalkulasi, yaani hisabati ya vitu vinavyobadilika, inatisha kwa sababu ni ngeni. Aliyesoma Hisabati ya kawaida mpaka kidato cha nne hajawahi kukutana nayo (waliochukua Hisabati ya Ziada huwa wameionja, ila ni wachache). Anaripoti kidato cha tano Julai, baridi ya huku nayo haina huruma, na muda si mrefu ubao umejaa difrensiesheni (kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani) na integresheni (kinyume chake). Lazima ashtuke.

Lakini mkalishe chini uone anakwamia wapi. Mpe y = 1/√x atafute dy/dx, yaani kasi ya y kubadilika x inapobadilika. Kanuni anaitamka bila kusita: shusha kipeo, halafu punguza moja. Tatizo liko kabla ya hapo, hajui kwamba 1/√x ni x yenye kipeo cha −½. Ukimsaidia akavuka, anakwama tena kwenye −½ toa 1. Anaandika ½, wakati jibu ni −3/2. Hapo kalkulasi haijamkosea chochote. Vipeo ni vya kidato cha pili, na sehemu pamoja na namba hasi alizisoma cha kwanza.

Ndiyo maana siku ya kwanza hatumpimi mtoto kalkulasi hata kidogo. Anapewa karatasi ya sehemu, vipeo, kutafuta vigawo, kupanga upya milinganyo na trigonometria kidogo. Wapo wazazi wanaonung'unika kwamba wameleta mtoto wa kidato cha tano, sisi tunamrudisha cha pili. Tunawaelewa, lakini hatubadilishi utaratibu. Mtoto ambaye aljebra yake imekaa sawa, kalkulasi ya kidato cha tano huishika kwa kufanya maswali mengi tu, kwa kuwa maswali yenyewe yanafanana: ukishatambua ni la aina gani, njia unaijua.

Takwimu haina uungwana huo. Mtoto anaiona nyepesi kwa sababu wastani na modi alivisoma chini huko, basi daftari la takwimu halifungui mpaka mtihani uko mlangoni. Sasa chukua wauzaji watano wa viazi pale Uyole, wanakutajia bei ya gunia: 60,000, 62,000, 65,000, 65,000 na 98,000. (Ni za mfano, msiende nazo sokoni.) Wastani ni 70,000. Kila mwanafunzi anaupata. Muulize sasa: mgeni akiuliza gunia la viazi Uyole ni shilingi ngapi, utamwambia 70,000? Kimya. Wauzaji wanne kati ya watano wanauza chini ya hapo. Aliyevuta wastani juu ni huyo mmoja wa 98,000. Ile namba ya katikati, 65,000, inamfaa mgeni zaidi. Kukokotoa kulichukua dakika moja, ila swali lenye alama ni hilo la pili.

Tuendelee na magunia hayohayo, tutafute mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi bei zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Kalkuleta nyingi wanazotumia wanafunzi zinatoa majibu mawili, moja limegawanywa kwa n (idadi ya namba ulizonazo, hapa tano), jingine kwa n−1. Kwa bei zetu moja ni kama 14,130 na jingine kama 15,800. Yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake. Hao watano wakiwa ndio wauzaji wote unaowazungumzia, chukua la kwanza. Wakiwa ni sampuli ya soko zima na unataka kulikadiria soko, chukua la pili. Kalkuleta haiwezi kukuchagulia, inabidi usome swali.

Na kusoma swali ndiko kwenye shughuli. Swali la kalkulasi mara nyingi ni mstari mmoja wa alama. La takwimu au la uwezekano linaweza kuwa aya nzima ya Kiingereza, na wengi wa watoto wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Tunao wanaochanganya matukio yasiyoathiriana na matukio yasiyoweza kutokea pamoja, wakidhani ni kitu kimoja. Kumbe ni karibu kinyume: matukio mawili yenye uwezekano zaidi ya sifuri yakiwa hayawezi kutokea pamoja, hayawezi kuwa yasiyoathiriana, kwa sababu likitokea moja umeshajua jingine halipo. Hapo tunasimama, tunajadili kwa Kiswahili mpaka ieleweke, ndipo tunarudi kwenye Kiingereza cha mtihani.

Mchepuo nao uangaliwe. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) wanafanya Hisabati ya Juu, na huko hakuna pa kujificha, zote mbili zinamngoja. PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) wanafanya ile Hisabati Tumizi, ambamo pia zote zimo, kwa kina kidogo. Anayetamani uhandisi pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, kalkulasi ataendelea nayo chuoni. Anayeelekea kilimo, afya au uchumi atabanwa zaidi na takwimu. Hata watafiti wa mbegu hapo TARI Uyole, taasisi ya utafiti wa kilimo, hawawezi kusema mbegu hii imezidi ile bila takwimu.

Kwa hiyo tunapanga hivi. Anayesubiri kwenda kidato cha tano anaanza na aljebra, kisha kalkulasi, na takwimu anaifanya kidogo kidogo kila Jumamosi asije akaisahau. Wa kidato cha sita, ambaye mtihani wake ni Mei, tunamwanzishia takwimu na uwezekano mapema, Januari, tukiamini mazoezi ya kalkulasi anaweza kuyafanya hata peke yake bwenini. Ada ni ileile, hatutozi kwa mada.

Siku ya kumleta, aje na madaftari ya zamani ya Hisabati kama bado yapo, hata yakiwa yamechanika, na kalkuleta ileile atakayoingia nayo kwenye mtihani. Ya kuazima kwa jirani haitusaidii, vitufe vinatofautiana.