Paka Mpya Nyumbani: Mpe Chumba Kimoja Kwanza

Simu nyingi tunazopigiwa katika kliniki yetu ya mifugo na watu waliotoka kuchukua paka huja ndani ya wiki ya kwanza, na malalamiko yao hufanana: paka amejibanza nyuma ya jokofu na hataki kutoka, hajagusa chakula tangu jana, amekojolea godoro, au, baya zaidi, alipenya dirishani usiku wa kwanza na hajaonekana tena. Ni mara chache tatizo huwa ugonjwa. Kwa kawaida paka huyo alifunguliwa sebuleni siku ile ile aliyofika, watoto wa nyumbani na wa jirani wakiwa wamemzunguka, akaachiwa nyumba yote aizoee kwa mkupuo. Paka huishi kwa kutegemea mipaka ya eneo analolijua na harufu zake. Akiondolewa hapo, nafasi kubwa humwongezea hofu. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza kwa wateja wetu wa hapa Dar es Salaam ni kuanza na chumba kimoja.

Chumba hicho kinaweza kuwa cha wageni, stoo iliyosafishwa na yenye hewa, au chumba cha kulala kwa mpangaji wa chumba na sebule, ilimradi mlango unafungika. Kagua dirisha kabla ya kitu kingine. Nyumba zetu nyingi zina nondo na wavu wa mbu tu, na wavu wa plastiki uliochakaa hauhimili kucha za paka aliyeamua kutoka; weka wavu wa chuma, au funga vioo usiku kwa siku hizo za mwanzo. Ziba mianya iliyo nyuma ya kabati, kisha umwekee maficho unayoweza kuyafikia wewe: boksi la karatasi lililolazwa ubavu, ndani yake kipande cha kanga au shuka alilokuwa akilalia alikotoka. Kitambaa hicho kisifuliwe, kwa sababu kwa siku kadhaa harufu yake ndiyo kitu pekee anachokitambua katika nyumba yako.

Chakula na maji vikae upande mmoja na choo upande wa pili, kwa kuwa paka hapendi kula karibu na mahali anapojisaidia. Si lazima ununue mchanga wa dukani. Beseni pana la plastiki, lenye ukingo mfupi ambao hata mtoto wa paka anaweza kuuvuka, na mchanga mkavu uliochekechwa wenye kina cha vidole vitatu, vinatosha kabisa. Mwenye paka wawili tunamshauri aweke mabeseni matatu. Kinyesi kitolewe kila siku, kwani vimelea vya toksoplazma, endapo vimo, huhitaji walau siku nzima nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Wapo wanaomsafirisha paka ndani ya gunia ili asiijue njia ya kurudi alikotoka. Gunia humtisha, humkosesha hewa katika joto letu, na halimzuii kutoroka siku ya pili. Mweke katika kikapu chenye mfuniko au kreti yenye matundu, uifunike kwa kitambaa chepesi, na ukifika iweke sakafuni chumbani, ufungue mlango wake, uondoke. Atatoka mwenyewe, pengine usiku wa manane. Mtu mmoja aingie mara chache kwa siku, akae chini bila kumkodolea macho, azungumze kwa sauti ya chini. Paka aliyeanza kutulia hufumba na kufumbua macho polepole akikutazama, huinua mkia wima anapokujia na husugua shavu kwenye mguu wa kiti ili aache harufu yake hapo; anayelaza masikio na kufutuka manyoya anaomba aachwe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini tunawasihi wateja wanaofuga paka kwa ajili ya panya wasiitumie methali hiyo kwake. Wengine humnyima chakula wakidhani njaa itamfanya awinde, ilhali paka aliyeshiba huwinda vilevile. Tena, paka mkubwa asiyekula kabisa kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, yumo katika hatari ya ini lake kujaa mafuta. Kwa hiyo saa 24 zikipita bila mkubwa kula chochote, au nusu siku kwa mtoto wa paka, tupigie. Dume anayejikamua kwenye beseni bila kutoa mkojo aletwe saa hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza mpe chakula kile kile alichozoea, kisha ubadilishe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi. Ugali uliolowekwa mchuzi haumtoshi, kwa kuwa mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, na ikikosekana kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Mchuzi wenyewe una vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Parasetamoli, hata kidonge kimoja tu, inaweza kumuua. Dawa za kupe za mbwa na ng'ombe zenye permethrini au amitrazi zisimguse, na mbwa aliyepakwa dawa hizo atengwe naye hadi akauke kabisa. Ondoa sumu ya panya nyumbani kabla hajafika, na uwaombe majirani wakuambie wanapoitega, maana anaweza kudhurika kwa kumla panya aliyekwisha kuila.

Chanjo za mafua ya paka na homa ya matumbo ya paka (panleukopenia) huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hivyo suala la kumfunga uzazi lizungumzwe mapema.

Akishakula vizuri na kutumia beseni bila kukosea, mfungulie chumba cha pili, kisha nyumba yote. Ukiwa na paka mwingine, walishe kwanza pande mbili za mlango uliofungwa na ubadilishane matandiko yao kabla hawajaonana. Nje asitoke kabla ya wiki mbili au tatu kupita, na mara ya kwanza mfungulie muda mfupi kabla ya saa yake ya kula.

Uchunguzi wa paka mpya tunaufanya kwa miadi, na kwa waoga mno daktari wetu wa mifugo huja nyumbani. Ukija kliniki, mlete katika kikapu kilichofungwa, uje na kadi ya chanjo ikiwa unayo, pamoja na kinyesi kidogo cha siku hiyo katika kichupa safi ili tupime minyoo.