Risala ya Kikundi cha Fizikia ya Tiba kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Karibu sana, nasi tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama.

Kikundi chetu kilianzishwa na wanafunzi wachache wa uzamili waliovutiwa na ugunduzi wa mwanafizikia wa India, C.V. Raman, uliofanyika Kolkata mwaka 1928: mwanga ukiigonga molekuli, sehemu yake ndogo mno hutoka na rangi iliyobadilika, na badiliko hilo huitambulisha molekuli yenyewe. Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa, ikiwemo kufundisha wanafunzi wa kidato cha sita matumizi ya darubini na bango letu kushika nafasi ya pili katika maonyesho ya idara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunachunguza seli za saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Seli ikigeuka kuwa ya saratani, kiini chake hukua, na uwiano wa DNA, protini na mafuta hubadilika. Spektra ya Raman, yaani mchoro wa mwanga huo uliobadilika rangi, huonyesha hayo bila kuipaka seli rangi yoyote.

Hapo ndipo tulipokwama. Leza yetu ya kumulika seli, ya nanomita 785, imekufa. Iliyobaki ni ya kijani, nanomita 532, ambayo huzifanya seli zing'are zenyewe, na mng'ao huo unaimeza ishara ya Raman, iliyo takriban fotoni (chembe ya mwanga) moja katika milioni kumi. Tukipima kipande cha silikoni, kilele chake kwenye mchoro kinasimama pale pale panapotakiwa, kwenye 520 kwa sentimita, kipimo cha badiliko la rangi. Kwa hiyo mashine ni nzima. Tukiweka seli, kilele cha fenilalanini, mojawapo ya viungo vya protini, kwenye 1004 hakionekani kabisa.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mwaka juzi mgeni rasmi aliahidi hapa hapa kwamba leza ingefika ndani ya miezi mitatu. Tuliandika barua za kukumbushia, tukajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Mwaka jana ahadi ikarudiwa, tukapiga makofi. Wenzetu wamelazimika kubadili mada za tasnifu ili wahitimu, na seli tunazozikuza tunaishia kuzitupa.

Ankara ya bei tumeiambatanisha na risala hii. Tunakuomba, kabla hujaondoka, ututajie tarehe ya leza kufika na jina la ofisa tutakayemfuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.