Pleti za pikipiki na matela zifungwe zisomeke

Mhariri, naomba nafasi niongelee hizi namba za usajili za bodaboda na matela, maana hali imezidi. Mwezi uliopita pale Mbagala Rangi Tatu boda alimgonga mtoto wa jirani yetu akakimbia, tukabaki tunaambizana "imeandikwa MC, imeandikwa MC" na herufi za MC zipo mwanzoni mwa namba ya karibu kila pikipiki nchini, kilichobaki hakuna aliyekisoma kwa sababu pleti ilikunjwa ikaingia chini ya siti. Mtoto kavunjika mguu na hakuna wa kumuuliza!

Matela nayo ni yaleyale, tela lina usajili wake mbali na kichwa cha lori lakini ukiwa nyuma yake usiku Barabara ya Morogoro unaona tope tu, pleti imening'inia kwa waya na taa yake haiwaki. Mamlaka ya Mapato (TRA), ambao ndio wanasajili vyombo vya moto, na trafiki wakae pamoja waseme wazi pleti ifungwe wapi, kwa nati ngapi, imulikwe vipi, halafu trafiki waanze kukagua vijiweni na kwenye mizani, na anayeikunja makusudi pikipiki ilale kituoni mpaka airekebishe.

Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam