Mafundi wa intaneti, waya tayari tunao

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu huu mtindo wa watu kuambiwa walipie laini ya pili ya intaneti wakati waya nyumbani wanao.

Sisi tunakaa Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene mpaka mtoto anakaa kitako dirishani. Intaneti imeingia chini sebuleni, hapo pana rauta ya kampuni, kile kiboksi kinachogawa intaneti na waifai, na kutoka hapo marehemu baba alipitisha waya mpaka ghorofa ya pili kwenye komputa yake, na hiyo komputa haijawahi kutusumbua. Shida ni simu na laptopu, ukipanda ngazi tu waifai imekufa, wadogo zangu wanafanya homuweki wamekaa kwenye ngazi, na Bi Mkubwa akitaka kuongea na dada yetu aliyeko Maskati lazima ateremke na magoti yanamuuma.

Tukaita watu wa kampuni, wakasema hakuna njia ila laini mpya, malipo mengine kila mwezi na ukuta utobolewe. Ukuta wa mawe na chokaa jamani! Huu mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kila siku tunaambiwa tuutunze, halafu tutoboe tena na waya wa kwanza upo palepale juu ya meza ya baba.

Nikanunua rauta ya pili mwenyewe, fundi wa mtaani akaichomeka kwenye ule waya wa juu akachukua hela yake akaenda. Siku mbili nyumba nzima ikavurugika, simu inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti, mara inarudi mara inapotea, hata komputa ya baba ikagoma. Kumbe rauta zote mbili zilikuwa na adresi moja, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao wa nyumba, 192.168.1.1, na zote zinagawa adresi kwa simu, kila moja inajiona ndiyo mkuu wa nyumba.

Dawa yake haikufika nusu saa na ndiyo nataka wasomaji waijue. Kabla hujaichomeka popote ile rauta mpya, iunganishe na laptopu peke yake, ingia kwenye setingi, ibadilishe adresi iwe 192.168.1.2, halafu uzime DHCP, yaani ile kazi ya kugawa adresi, maana inafanywa na rauta ya chini. Weka jina na paswadi ya waifai, chagua WPA2 ambao ni ulinzi wa waifai, zima WPS ile ya kuunganisha simu bila kuandika paswadi, na ile paswadi ya kuingilia setingi usiiache iliyokuja nayo dukani. Ukimaliza, waya unaotoka chini uuchomeke kwenye poti ya LAN, ya vifaa vya ndani, usiuweke kwenye ile poti ya WAN, ya intaneti inayotoka nje, ambayo mara nyingi ina rangi yake peke yake. Poti nyengine ya LAN toa waya mfupi mpaka kwenye komputa, basi komputa iko kwenye waya kama zamani na ghorofa nzima ina waifai.

Na hizi kuta zetu, usitegemee waifai ya masafa ya 5GHz ipenye, ile ni ya chumba kimoja, ukitaka waifai ifike chumba cha pili tumia masafa ya 2.4GHz, rauta ya chini uiweke chaneli 1 na ya juu chaneli 6 au 11 zisigongane. Waya wenyewe unaenda mpaka mita 100 bila tatizo, nyumba gani huku ina urefu huo? Ila nunua wa shaba tupu, ule wa alumini uliopakwa shaba ni wa bei rahisi lakini ukiukunja kunja unakatika ndani na wewe huoni.

Ombi langu kwa makampuni, mkifunga intaneti kwa mtu muachieni karatasi yenye paswadi ya setingi, rauta iko ndani kwake na hawezi hata kubadilisha jina la waifai mpaka apige simu asubiri. Na mteja akiuliza njia ya kufikisha waifai juu, mwambieni ukweli kwamba waya alionao unatosha.

Na wewe mhariri, hata robo ukurasa kwa wiki ya mambo haya kwa Kiswahili ingetusaidia sana. Majirani wa Malindi wanaotaka kuelekezwa mie nipo, jioni baada ya magharibi.

Msomaji wako,
Malindi, Unguja