Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha mchezo wa maneno

Ndugu wanachama,

Habari za asubuhi, na poleni na mvua. Mhazini amekwisha kuwasomea hesabu, katibu atasoma mahudhurio, kwa hiyo huko sirudi. Mimi nina vibao vya herufi, nina ule ugomvi wa Machi, na nina neno kidogo kuhusu darasa la Jumamosi.

Mnakumbuka tulivyohangaika na seti ya Kiingereza ya Scrabble, huu mchezo wetu wa kuunda maneno mezani kwa vibao vya herufi. Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi magazetini ndipo akaamua kila herufi ipewe vibao vingapi. Magazeti yalikuwa ya Kiingereza, hana lawama. Lakini katika vibao vyake 100, E ni 12, U ni 4, na K ni 1. Mswahili afanye nini na K moja? Kuku huwezi kumwandika mpaka uokote kibao kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, na kaka vivyo hivyo. Q na X zinakulalia mkononi mpaka mchezo unakwisha. Z nayo inalipwa alama 10 kama johari, na sisi tunayo kwenye kazi, mzazi, zaidi na zamani.

Basi kamati ikafanya kama Butts. Tulichukua magazeti ya Kiswahili tukahesabu kwa mkono, jioni baada ya jioni, na macho yaliuma. Kama mlivyodhani, A iliziacha nyingine mbali. Seti mpya ina K za kutosha, haina Q wala X, na CH ni kibao kimoja kwa kuwa C peke yake haina kazi kwetu. SH, DH, TH na GH zinajengwa kwa vibao viwili. Ritifaa, kile kialama cha juu katika NG', haina kibao: ukiandika NGOA, ni juu yako kusema kama unang'oa jino au una ngoa ya wivu.

Fundi seremala alichonga vizuri. Kosa lilikuwa letu, hatukumwambia aandike alama pembeni ya herufi, na bila alama M ikigeuzwa ni W. Kuna mwenzetu alidai ushindi kwa M ambayo ng'ambo ya meza ilikuwa W. Tumepiga mstari chini ya kila M kwa msumari wa moto. Si maridadi, lakini zogo limekwisha.

Sasa Machi. Mezani palikuwa na PIKIA. Mwanachama mmoja, simtaji na mnamjua, akabandika WATA mbele na NA nyuma: WATAPIKIANA. Kelele zilisikika mpaka barabarani. Kwa sarufi hana kosa hata chembe. Ila tukikubali hivyo, kitenzi kimoja kinazaa maelfu ya maneno, na anayeshinda si anayejua msamiati bali mwenye subira ya kupachika viambishi. Baada ya vikao viwili tulikubaliana hivi: kidahizo, yaani neno lililoorodheshwa katika kamusi, kinapita, wingi wa nomino unapita, na mnyambuliko kama pikia, pikwa na pikiana unapita. Viambishi vya nafsi na njeo havipiti. Mimi nilitaka tuikubali walau KU- ya kitenzijina, nikashindwa kwa kura, na ninaitekeleza kanuni kama ilivyo. Mwamuzi ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa). Neno likiwamo katika mojawapo, limepita.

Darasa la Jumamosi ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Wageni huja wakidhani kutafuta neno ni kukodolea macho herufi mpaka lijitokeze. Tunawaanzisha na M, A, L, I: mali, mila, lami, lima, imla. Halafu tunawaonyesha mambo mawili. Kwanza, maneno yetu karibu yote huishia na irabu, basi anza kwa kuchagua irabu ya mwisho, kazi itapungua. Pili, zipange herufi kwa mfuatano wa abjadi. Samaki anakuwa A-A-I-K-M-S. Panga hivyo hivyo kila neno la herufi sita unalolijua, kisha angalia yapi yana mfuatano huo huo. Binti mmoja wa sekondari alipata masika. Aliyefuata akapata makasi, tukabishana kidogo na wanaosema mkasi tu. Mzee wetu wa nyuma, aliyekuwa kimya asubuhi nzima, akasema "kamasi", na darasa likavunjika kwa kicheko. Mtu akiacha herufi moja, anapata kasia, mkasa na mkasi.

Vijana wawili wameigeuza njia hiyo kuwa programu ya simu. Inafanya kazi upesi kupita sisi, na ndiyo maana ni marufuku kuwa na simu mezani wakati wa mchezo. Orodha yake ya maneno bado ina makosa ya uchapaji, hivyo isitumike kuamua ubishi.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tupitie upya idadi ya vibao vya U na W, maana wengi mmelalamika kwamba W zimezidi. Mtapiga kura baada ya chai. Pia R moja haijaonekana tangu mchezo wa Novemba. Tafadhali kagueni mifuko yenu.

Mwenyekiti